Cheni ya Kukulia

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kwako Daftari,

Salamu nyingi sana. Mimi niliishia darasa la nne na tulifundishwa kuandika barua tu, shajara sijui huanzaje, kwa hiyo nakuandikia barua. Natumai hujambo. Sisi huku hatujambo. Baba Watoto hajambo, isipokuwa mgongo. Binti yetu hajambo, yuko kwa mumewe upande wa pili wa mji, tumbo limeshuka, miguu imevimba kidogo. Mkwe hajambo, ni mtu wa maneno machache ila anakula vizuri. Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, ambaye uani kwake na uani kwetu kuna ukuta mmoja tu wa kufika kidevuni, hajambo kupita kiasi. Cherehani yangu haijambo. Kuku wote wanne hawajambo. Na gogo lipo palepale.

Wewe nimeletewa na binti. Amesema, mama, badala ya kunipigia simu mara tisa kwa siku kuniuliza kama nimekula, andika humu. Nimekubali. Leo nimempigia mara tano tu. Amekula.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana wewe ni mgeni. Binti atajifungua wiki hii, mkunga anasema haipiti Ijumaa. Mjukuu wangu wa kwanza! Akitoka hospitali, mkwe anasafiri kikazi mwezi mzima, kwa hiyo mzazi na mtoto lazima wakae kwa mtu. Jana mkwe alikuja akasema kwa upole kwamba atawapeleka kwenye nyumba yenye maji ya moto asubuhi na jioni bila kukosa. Iwe kwangu, iwe kwa shangazi, yeye hana upande.

Wifi alikuwa amekaa hapohapo. Akasema kwake maji ya moto yanatoka ukutani.

Ni kweli. Amefunga hita bafuni. Tangu aifunge hakuna mtu mtaa huu ambaye hajaoneshwa. Hata aliyekuja kusoma mita alioneshwa, akaambiwa aguse. Mumewe alikuwa mpasua mbao, amefariki miaka sita sasa, na nadhani siku hizi ile hita ndiyo anayozungumza nayo.

Kwangu maji huchemka kwa kuni. Na kuni ninazo, shida yake zote zimeshikana. Ni gogo zima. Ule mti wa nyuma ya choo uliangushwa na upepo mwezi wa pili, Baba Watoto na wenzake wakaukokota kwa kamba kwenye tope mpaka uani, ndipo mgongo ukamkatikia. Na cheni ya msumeno wa mashine nayo ikakatika kabla hata haijalikwaruza gogo. Baba Watoto alisema atanunua nyingine kesho. Anasema kesho tangu mwezi wa pili.

Basi leo, alipokwenda kazini kulinda ghala lake, nimeivuta mashine kutoka chini ya kitanda. Nimekuta ile cheni iliyokatika imo ndani ya soksi yake. Kwenye shina la lile bapa refu la chuma, ambalo cheni huzungukia, nikaona chini ya uchafu kuna namba zimegongwa. Nikajua ni simu ya kiwandani. Nimepiga. Yule dada wa kwenye simu akasema namba niliyopiga haipo. Nimepiga tena pole pole, akasema vilevile.

Haidhuru. Mpango ninao. Nitanunua cheni mwenyewe, kimyakimya. Nitakata gogo mchana Baba Watoto akiwa ghalani. Jumamosi mkwe atakuta kuni zimepangwa mpaka dirishani, na wifi ataoga peke yake na ukuta wake.

Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimerudi kutoka dukani sasa hivi.

Mwenye duka la vifaa tunamwita Miwani, kwa sababu ana miwani machoni na nyingine kwenye paji la uso, na bado anakuomba wewe umsomee. Nilimwambia nataka cheni ya msumeno wa mashine. Nilidhani atanyoosha mkono rafuni anipe. Badala yake akaniuliza maswali kama polisi. Bapa lina urefu gani. Vijino vya chini, vile vinavyoingia kwenye mfereji wa bapa, viko vingapi. Vina unene gani. Nakata mbao au kuni. Gogo safi au chafu.

Nikajibu yote kwa pamoja: kuni.

Akavua miwani moja akavaa nyingine. Lakini mimi si wa kuchezewa, nimeshona nguo za watu miaka ishirini na miwili. Nikatoa ile cheni ya zamani kwenye mkoba, nikainyoosha kaunta nzima, nikatoa na futi yangu ya shingoni. Sentimita mia moja na saba. Miwani mwenyewe alinitazama kwa heshima. Akahesabu vijino vya chini, hamsini na sita, akatoa cheni mpya ya hamsini na sita, akaiweka pembeni ya ile ya zamani. Zikalingana kama mapacha.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, Daftari. Nikamuuliza kama anayo inayofuata kwa ukubwa.

Akasema ipo, ya sitini na mbili, ila ni ya bapa refu zaidi. Nikamwambia mimi ni mama. Sijawahi hata siku moja kumnunulia mtoto sare inayomkaa barabara, maana muhula haujaisha kaptula iko juu ya magoti. Unanunua ya kukulia. Akasema, mama, mashine haikui. Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu kila kitu kinakua. Tena ya sitini na mbili ina meno mengi zaidi, na meno mengi ni kazi nyingi. Akaitoa rafuni. Akasema haya mama, ila ukishaipaka oili usinirudishie.

Nimetembea mpaka nyumbani nimeivaa shingoni ndani ya mtandio, ili wifi asinione na kifurushi. Imenichoma mara mbili. Nilipopita langoni kwake alikuwa anafagia, akaniuliza mbona natembea nimekaza shingo kama bibi harusi. Nikasema nimelalia vibaya.

Binti nimempigia mara nne. Amekula. Anasema tumbo linakaza na kuachia. Nimemwambia asiogope, mimi naogopa kwa niaba yake.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Cheni ni kubwa.

Sisemi ni kubwa kidogo. Nimeivika kwenye bapa, ikaning'inia chini kama suruali ya mtu aliyetoka kuugua. Kuna skrubu ya kukazia, nimeizungusha mpaka ikakataa, cheni ikapanda kidole kimoja tu. Nikafikiri kupiga pindo. Nguo ikizidi unakunja, unapiga pindo, inaisha habari. Nikatafuta mahali pa kukunjia kwenye chuma, nikapakosa. Nikafikiri kumrefusha mvaaji, yaani kufunga kijiko cha kupakulia puani mwa bapa kwa kamba, cheni ipitie juu yake. Nikakifunga. Kilipendeza.

Nilikuwa nimeinua mashine juu kuangalia kama kijiko kimenyooka, wifi akachomoza kidevu ukutani. Akauliza, wifi, hiyo ni cheni au mkufu? Nikasema naianika. Akauliza, na kijiko? Nikasema nacho nakianika. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akasema marehemu mume wake aliona mengi msituni, ila hili Mungu alimficha. Akazama. Nikamsikia anafungua maji bafuni, kwa makusudi.

Damu ilinichemka. Nikafungua kijiko, nikarudi kwa Miwani mbio.

Alipoiona tu alisema ina oili. Nikasema ni kidogo. Akasema hata kidogo ni oili. Tukabishana, nikalia kidogo, si kwa hila, mara hii ilikuwa kweli. Nikamweleza habari ya mjukuu. Akalegea. Akasema hii nibaki nayo, ila atanipa nyingine nikimshonea mapazia ya duka, yale ya zamani jua limeyala. Nikasema tumekubaliana, nikaomba ya hamsini na sita, yenye unene uleule wa vijino vya chini. Nilitamka maneno hayo kwa sauti ili wateja wengine wasikie.

Kumbe hamsini na sita ziko mbili! Akazilaza kaunta. Moja meno yake yana pembe kali, kama kona ya sanduku. Nyingine pembe zimeviringwa kidogo. Miwani akasema ya pembe kali inakata kama wembe, lakini kwa mti safi, maana ikionja mchanga mara moja inakufa. Ya kuviringwa inakwenda taratibu, ila kwa kuni, hasa gogo lililokokotwa chini, ndiyo inayovumilia. Akauliza tena, gogo lako ni safi au chafu?

Sasa, Daftari, mimi nyumba yangu ni safi. Nafagia uani mara mbili kwa siku. Nikaona mtu huyu anataka kunichafua mbele ya watu. Nikasema safi. Na kusema kweli, nani anaingia dukani kununua kisu akaomba butu?

Nimechukua ya pembe kali. Kesho naunguruma.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekata! Nimekata, Daftari! Lakini nianze mwanzo.

Baba Watoto alipotoka tu, nikavaa suruali yake ya zamani, viatu vyake vya kazi na soksi tatu, helmeti ya pikipiki aliyoisahau mkwe, na aproni yangu ya cherehani yenye pini kifuani. Cheni ikaingia kwenye bapa kama kidole kwenye pete. Nikakaza skrubu, nikavuta kamba. Mara ya kumi na moja mashine ikaamka. Kuku wakahamia kwa wifi.

Nikaiweka juu ya gogo. Ikanguruma, haikati. Nikakandamiza. Moshi. Nikakandamiza zaidi. Moshi mwingi, harufu kama chapati iliyosahaulika, na kwenye gogo mstari mweusi kama umechorwa na kalamu ya nyusi. Nikazima. Nikakaa juu ya ndoo kuitazama cheni. Nilikasirika nikawaza kwenda kumvua Miwani miwani zote mbili. Ndipo nikaona yale meno ya kukatia. Yanatazama nyuma. Nilikuwa nimeivalisha cheni kinyumenyume, kama mtoto anayevaa shati mwenyewe siku ya kwanza ya shule.

Nikaigeuza. Nikavuta kamba.

Ewe Daftari. Iliingia kwenye gogo kama mkasi kwenye hariri! Upande ule wa juu, ambao mvua imeuosha, vipande vikaanguka, puu, kimoja, puu, cha pili, na cha tatu, vinanukia vizuri, makapi yanaruka meupe marefu kama nyuzi. Nilikuwa nacheka ndani ya helmeti peke yangu. Nilimwona mjukuu anaogeshwa, mvuke unapanda, na wifi amesimama mlangoni kashika taulo anasubiri zamu.

Kipande cha nne ndicho kilichogusa upande uliokokotwa. Tope la mwezi wa pili limekauka ndani ya maganda kama saruji. Niliona cheche. Halafu makapi yakaacha kuwa nyuzi yakawa vumbi, laini kama unga. Mashine ikaanza kulia sauti nyembamba, iii, iii, inakwenda upande upande. Nikakandamiza mchana mzima, leo sikuwa na akili nyingine. Kufika saa tisa nilikuwa nimemaliza nusu ya kipande cha nne, na mikono imekufa ganzi hata chai nimeinywea kwa bakuli.

Mimi niliyefua mapazia, mashuka, vitambaa vya meza na hata kamba ya kuanikia, lile gogo sikulitia hata kopo la maji.

Basi nina vipande vitatu na nusu. Nimevipasua kwa shoka vyembamba sana, nikapata kuni kama mizigo mitatu. Haifiki dirishani. Inafika magotini.

Ila akili haikulala. Ninayo maboksi ya sabuni ya dukani, matupu, nahifadhia vitambaa. Nimeyapanga ukutani mpaka dirishani, nikayasimamishia kuni kwa mbele, moja moja, kwa ustadi, kama unavyopanga vifungo. Juu nikatandika safu moja ya kuni. Ukisimama langoni unaona mlima! Jumamosi mkwe akishamshusha mzazi, nani atazihesabu tena? Za ukweli nitazikata wiki ijayo.

Baba Watoto amerudi saa kumi na mbili, akasimama mbele ya mlima wa kuni muda mrefu. Akauliza nani kakata. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akanusa hewa, akatazama viatu vyake. Akasema ameshindwa kuelewa, lakini mgongo unauma, atauliza kesho.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Amejifungua. Alfajiri. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, nywele tele, sauti kama ya wifi.

Nimepiga kelele mpaka cherehani ikajibu. Nimempigia binti, ana sauti ya mtu aliyechoka na aliyefurahi. Sikumuuliza kama amekula. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Akasema, mama, nataka kulala kwako, nataka kulala kitanda changu kile, ila usigombane na shangazi kwa ajili yangu. Nikasema hakuna ugomvi, kuni ziko mpaka dirishani.

Sasa ninaandika saa nne usiku, mikono imechafuka, nisamehe wino.

Saa nane mkwe alikuja kuangalia nyumba, maana kesho asubuhi wanaruhusiwa. Wifi akaja naye, eti kumsindikiza. Nilimwonesha chumba, kitanda, neti, mashuka yaliyopigwa pasi mara mbili. Akaridhika. Tukatoka uani. Akauona mlima wa kuni. Akasema, mama, umefanya kazi kubwa. Nilivimba.

Ndipo yule kuku wangu mwekundu, niliyemlea tangu akiwa kwenye kofia ya Baba Watoto, akaruka akatua juu.

Kwanza ilianguka kuni moja. Halafu zikaanguka zote, pole pole, kama watu wanaoinuka kwenye mkutano. Nyuma yake yakabaki maboksi yamesimama safu kwa safu, kila moja limeandikwa SABUNI kwa herufi kubwa. Kuku akaingia ndani ya la juu akatulia.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mkwe aliinama akaokota kuni moja akairudisha mahali pake, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. Akasema, mama, pole kwa uchovu. Basi labda kwa hizi wiki za mwanzo wakae kwa shangazi, halafu tutaona. Wifi aliangalia mashine, akaangalia gogo. Wakatoka.

Nimekaa nyuma ya cherehani nikalia mpaka kitambaa cha pazia la Miwani kikalowa. Binti anataka kitanda chake, nami nimempa maboksi.

Nusu saa baadaye mlango umegongwa. Wifi. Ameshika kopo la bati lenye kutu na miwani ya kazi ya marehemu. Nikajua amekuja kunimalizia. Nikamwambia aingie anicheke, asinyimwe haki yake. Akasema hakuja kwa ajili yangu, amekuja kwa ajili ya masikio yake. Jana mchana kutwa cheni ile ilikuwa inalia, na yeye ameishi na mpasua mbao miaka kumi na tisa, anajua kilio cha cheni kuliko cha mtoto. Marehemu angesikia kile kilio angetoka kaburini na tupa ya kunolea mkononi. Kwa nini sikunyamaza hata dakika moja nikauliza?

Nikasema ningemuuliza nani. Akasema, mimi, mpumbavu wewe, niko ukutani.

Halafu akachukua kitambaa changu cha kufutia mafuta, akafuta shina la bapa, akanisomea zile namba. Tatu kwa nane, hiyo nafasi ya viungo. Moja nukta tatu, huo unene wa kijino cha chini. Hamsini na sita, hesabu yake. Imeandikwa hapa tangu siku ilipotengenezwa, alisema, mtu anakwenda dukani na namba hizi tu, halafu anasema nakata kuni chafu, basi. Nikamwambia niliziona. Akauliza nilizifanya nini. Nikasema nilizipigia simu.

Wifi akakaa chini. Alicheka mpaka akashika mguu wa cherehani. Akasema nirudie. Nikarudia. Akaniuliza nani alipokea, tukaanza upya wote wawili.

Akaitazama cheni yangu ya pembe kali jino kwa jino. Akasema inanoleka, lakini kuinoa pembe kama hizo ni kazi ya mchana mzima, na kwa gogo hili kesho saa tatu asubuhi imekufa tena. Tukaenda kwa Miwani. Tulimkuta anafunga aende kula. Wifi akaomba ya hamsini na sita, ya kuviringwa. Miwani akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Wifi akaitoa pesa mwenyewe, akasema ni zawadi yake ya kwanza kwa mtoto. Nadhani hakuna mtoto mwingine mji huu aliyezawadiwa cheni.

Tumerudi. Nimeliosha gogo kwa brashi ya sakafu na ndoo nane, kila upande. Amelikata wifi. Mimi nilipanga. Mashine haikulia hata kidogo, ilikuwa inaimba nene, na vipande vinaanguka kwa zamu bila haraka. Kila baada ya muda alizima, akatoa tupa ya duara kwenye kopo la marehemu, akapitisha kila jino mara mbili, akimsemesha mtu nisiyemwona. Sikumuuliza. Baba Watoto aliporudi alimkuta dada yake kavaa miwani ya shemeji yake na mke wake kavaa suruali yake. Akauliza kama hii ndiyo kesho aliyokuwa anaisema.

Nimempigia mkwe aje aone. Amekuja. Akasukuma mlima wa kuni kwa bega, mara mbili. Hautikisiki.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Wamefika saa tano. Yuko hapa. Ana kidevu cha Baba Watoto na hasira za kwetu.

Maji yalikuwa tayari, sufuria tatu, moto mzuri usio na moshi. Beseni jipya. Sabuni. Nilishapandisha mikono ya gauni. Miezi tisa nimejiona nikimwogesha mara ya kwanza, hata usingizini nilikuwa napima maji kwa kiwiko.

Wifi alisimama mlangoni ameshika taulo. Vilevile nilivyomwona juzi ndani ya helmeti nikamcheka. Alikuwa amevaa nguo ya sikukuu, na kwenye kucha bado kuna oili ya cheni.

Nikamwambia, wifi, mgongo umenishika, niogeshee huyu.

Mgongo haukunishika. Alijua. Alimpokea kama yai. Alipomtia majini mtoto akanyamaza, akafumbua macho akamtazama yeye, yeye kabisa. Wifi akasema maji ya kuni yana ulaini fulani ambao hita haina. Nikaomba arudie, binti asikie. Akakataa.

Binti amekula. Nimehakikisha mara tatu. Amelala kwenye kitanda chake.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Sasa mambo yametulia nikupe mawazo yangu, Daftari, maana mtu akishapita kwenye mambo mazito lazima akae ajifunze.

Nimejifunza kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nisingenunua cheni kubwa, nisingeanika kijiko, wifi asingechomoza ukutani. Nisingenunua ya pembe kali, isingelia, asingeisikia. Ukipanga kuni kwa uaminifu hakuna anayekuja kukusaidia. Nimemweleza Baba Watoto, akasema ameelewa, akatoka nje.

Gauni la kwanza la mjukuu nimelimaliza jana. Binti analishika juu anasema, mama, hili ni la mtoto wa darasa la pili. Wifi akauliza kama mtoto atalivaa au atapanga chumba humo. Wote hawaelewi. Atalikulia.

Na kuna jambo lingine, niwekee siri. Ile cheni ya sitini na mbili bado ipo. Nimeitundika nyuma ya mlango, inang'aa, mpya, haijaonja hata kijiti. Kila nikipita inanitazama. Wifi anasema niitupe au nimpe Miwani afungie mbwa. Lakini mimi nimefikiri hivi: cheni si kubwa. Cheni iko sawasawa. Mashine ndiyo ndogo.

Mapazia ya Miwani nimemaliza, na nilipoyapeleka leo asubuhi nimeona nyuma ya kaunta mashine iliyotumika, bapa refu, rangi imetoka kidogo. Nimefuta shina lake kwa mtandio nilipoona hanitazami. Nimesoma sitini na nne. Sitini na nne na sitini na mbili ni karibu mno. Chuma kikipata joto hutanuka, na viungo viwili si vya kumshinda mtu aliyezoea kuongeza viuno vya watu. Bei yake Miwani anataka makoti sita ya kazi, nimeshaanza la kwanza, nimelificha ndani ya boksi la sabuni. Na nyuma ya nyumba ya wifi kuna mti mkavu umeinamia bafu lake, upande ule wa hita.

Basi nikomee hapa, mtoto ameamka. Baba Watoto anakusalimu, binti anakusalimu, mkwe yuko safarini naye anakusalimu, wifi hajui kama upo, kuku mwekundu ametaga ndani ya boksi naye anakusalimu. Ukipata habari yoyote ya namna ya kuirefusha cheni viungo viwili bila wifi kusikia, tafadhali niletee jibu upesi, kabla Miwani hajamuuzia mtu mwingine ile mashine.

Ni mimi, Bibi.